Farasi 155 au 181? Gari dogo na saini ya mdhamini

Na Mwandishi Wetu, Hilliard, Ohio

JUMAMOSI moja ya Machi 2025, asubuhi na mapema, mpwa wetu alibisha hodi nyumbani kwetu hapa Hilliard, kitongoji kilicho upande wa magharibi wa jiji la Columbus. Alikuwa anatoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu, lakini usoni ana tabasamu ambalo hatukuwa tumeliona tangu aingie Marekani. Hakutaka chai. Alitaka saini.

"Mjomba, ni jina lako tu hapa chini," alisema akinyoosha karatasi. "Kulipa nitalipa mwenyewe."

Karatasi ile ilikuwa ya mkopo wa dola 8,000. Kijana ana umri wa miaka 24, ameweka akiba ya dola 16,500 kwa miaka mitatu ya kubeba maboksi usiku, na anataka gari. Si Corolla wala Camry kama sisi wengine. Anataka Mazda MX-5, lile gari la viti viwili lisilo na paa la bati, ambalo Wamarekani hulijua zaidi kwa jina la Miata.

Tuliiweka karatasi mezani, tukamwambia tutalitazama gari kwanza. Hatukumwambia kwa nini mkono wetu uligoma kushika kalamu.

GARI LENYEWE

Kwa msomaji asiyelijua, MX-5 lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989. Wazo lake lilikuwa rahisi: gari jepesi, injini mbele, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Aprili 2016 kiwanda cha Hiroshima kilitoa gari la milioni moja la aina hiyo. Hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lililouzwa kwa wingi kiasi hicho.

Mpwa wetu alilenga toleo la nne, lililoanza kuuzwa hapa Marekani kama gari la mwaka 2016. Na hapo ndipo penye mtihani. Magari ya mwaka 2016 hadi 2018 yana injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 155. Kuanzia mwaka 2019, injini ni ya lita 2 ile ile lakini nguvu zikapanda hadi farasi 181. Ukiyatazama kwa nje ni kama mapacha. Tofauti iko chini ya boneti, na kwenye bei.

Alikuwa ameona mawili. La farasi 181, la mwaka 2019, lilikuwa kwenye yadi moja mjini Buffalo, jimbo la New York, kwa dola 22,800. La farasi 155, la mwaka 2017, lilikuwa kwa mstaafu mmoja mjini Louisville, Kentucky, aliyetaka dola 15,000. La Louisville angeweza kulilipia taslimu. La Buffalo, pamoja na kodi ya mauzo, lilimhitaji mdhamini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali halikuwa farasi tu.

FARASI 26 WANAISHI WAPI?

Tusiwe watu wa kubeza kitu tusichokijua. Tulikaa jioni mbili tukisoma, na tukakuta kwamba kazi iliyofanyika mwaka 2019 ni ya kweli. Pistoni na mikono yake vilipunguzwa uzito, vali za kutolea moshi zikapanuliwa, mlango wa hewa ya kuingia injini ukafanywa mkubwa. Injini ya zamani ilifikia kikomo kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika. Mpya inakwenda hadi 7,500. Aidha, usukani ukaanza kuvutika mbele na nyuma, jambo linalomfaa mtu mrefu, na kamera ya kurudi nyuma ikawa ya kawaida kwenye magari yote.

Lakini tazama nguvu ya kuvuta, ile unayoisikia mgongoni ukikanyaga mafuta. Kwa vipimo vya hapa, ya zamani ni 148 na mpya ni 151. Tofauti yake ni asilimia 2 tu!

Fikiria wachukuzi wawili bandarini. Wote wanabeba magunia yenye uzito karibu sawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja anapoishiwa pumzi, mwenzake bado anaongeza mwendo. Ndivyo zilivyo injini hizi. Katika mwendo wa kwenda kazini na sokoni, mizunguko 2,500 hadi 4,000, ni vigumu kuzitofautisha. Farasi 26 wa nyongeza wanaishi juu, baada ya mizunguko 6,000. Na ukiwa gia ya tatu kwenye mizunguko hiyo, tayari umeshavuka maili 65 kwa saa zinazoruhusiwa kwenye barabara ya 270 inayozunguka Columbus. Ukiendelea kuwatafuta hao farasi, utakayekutana naye ni polisi.

Majarida ya magari ya hapa yaliyapima yote mawili kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa. Tofauti ni chini ya nusu sekunde.

Hata hilo la farasi 155 si gari nyonge. Lina uzito wa kilo 1,060 hivi. Wasomaji wa nyumbani wanaijua Toyota Noah ya lita 2: nguvu zake zinakaribia hizo hizo, lakini uzito wake ni kama tani moja na nusu kabla abiria hajapanda. Wepesi ni nguvu ambayo hailipiwi mafuta.

BUFFALO: CHUMVI

Buffalo ni mwendo wa saa tano hivi kutoka kwetu: unapanda hadi Cleveland, kisha unafuata ufukwe wa ziwa Erie. Mji huo una Wakongo, Warundi na Wasomali wengi, na saa sita mchana tulikula ugali kwa jamaa kabla ya kwenda yadi.

Gari lilikuwa jekundu na linang'aa. Tulipolijaribu, mpwa wetu alilipeleka hadi juu kabisa ya mizunguko wakati wa kuingia barabara kuu, akacheka peke yake kama mtoto. Hatutaficha: na sisi tulicheka. Injini ile inaimba.

Kisha tukaomba gari linyanyuliwe. Buffalo ni mji wa theluji. Tufani ya Desemba 2022 iliua makumi ya watu. Na kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hiyo hula chuma. Uvunguni mwa lile jekundu tulikuta bolti za ekzosi zimevimba kwa kutu, mabomba ya breki yameota magamba, na kwenye viungo vya kusimamishia magurudumu ya nyuma kutu inabanduka kwa ukucha. Huyu alikuwa ameendeshwa kila baridi tangu azaliwe.

"Si inapakwa rangi tu, mjomba?" aliuliza.

Kutu ya juu hupakwa rangi. Ya kwenye bomba la breki hubadilishwa bomba, na fundi atakayefungua bolti iliyoliwa atakata, atatoboa, na kila saa yake ina bei. Muuzaji alisema bei haipungui, lakini mkopo upo, na mdhamini akisaini siku hiyo hiyo gari linaondoka.

DENI LA RAFIKI

Tulirudi usiku bila gari. Kijana alikuwa amenuna. Karibu na Cleveland tukaona bora tumwambie jambo ambalo hatukuwa tumemwambia mtu yeyote katika ukoo.

Mwaka mmoja kabla ya kuondoka nyumbani, tulipokuwa bado tunaandika gazetini, tulichukua mkopo wa mshahara kumalizia nyumba ya mama, yaani bibi yake. Mfanyakazi mwenzetu alitia saini kutudhamini. Ilikuwa "jina lako tu hapa chini". Siku tulipolazimika kuvuka mpaka, tuliondoka na mkoba mmoja, na wala hatukumkumbuka. Mkopeshaji alimkumbuka. Rafiki yule alikatwa mshahara miezi 14 kulipa nyumba asiyowahi kuingia. Tulipoanza kupata senti huku tulimrudishia kidogo kidogo hadi ikaisha. Fedha zilirudi, lakini urafiki haukurudi. Hatumlaumu.

Mpwa wetu alinyamaza maili nyingi. Kisha akasema: "Lakini mimi sikimbii, mjomba."

"Na sisi hatukupanga kukimbia."

Hapa ni vyema wasomaji wa ughaibuni waelewe, kwa sababu ombi hili linapita katika kila familia yetu, kutoka Louisville hadi Buffalo. Kumdhamini mtu Marekani hakuna maana ya kumshuhudia kuwa ni mtu mwema. Ni kulichukua deni lote kama lako. Akichelewa, alama zako za mikopo zinashuka pamoja na zake. Akishindwa, mkopeshaji anaweza kukudai wewe moja kwa moja, na katika majimbo mengi hana lazima ya kumbana mkopaji kwanza. Sheria ya shirikisho inamtaka mkopeshaji akupe ilani ya maandishi inayoeleza hayo kabla hujasaini. Isome. Usikubali kuambiwa ni karatasi ya kawaida.

Halafu piga hesabu. Dola 8,000 kwa riba ya asilimia 14, miaka mitano, ni kama dola 186 kila mwezi. Mwisho wake utakuwa umelipa dola 11,170 hivi, yaani zaidi ya dola 3,100 ni riba tupu. Juu ya hayo, gari la mkopo hulazimika kuwa na bima kubwa inayofidia gari lenyewe, na kijana wa chini ya miaka 25 hutozwa bima ghali kuliko sisi wazee.

LOUISVILLE: MZEE NA DAFTARI

Wiki mbili baadaye alipiga simu mwenyewe. "Twende tukalione la Louisville. Kuliona tu."

Ni mwendo wa saa tatu na nusu kupitia Cincinnati. Mzee alifungua gereji yake, na pembeni ya gari kulikuwa na daftari: kila badiliko la oili, tarehe na maili. Gari lilikuwa halitoki nje wakati wa baridi. Uvunguni palikuwa na vumbi, si kutu.

Tulikagua mahali ambapo matoleo ya mwanzo yana sifa mbaya, yaani gia boksi. Nyingi za magari ya mwaka 2016 zililalamikiwa, na Mazda ilizirekebisha zaidi ya mara moja. Tulipanda na kushuka gia zote, baridi na moto, tukisikiliza mlio na kuangalia kama gia inaruka. Tulimwita fundi wa jirani, akalipwa dola 120, akasema gari ni zima. Namba ya chasisi tukaiingiza bure kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kuona kama lina matengenezo ya kiwandani yaliyosahauliwa. Halikuwa nalo.

Kijana aliendesha. Hakucheka kama Buffalo. Aliporudi alizima injini, akakaa kimya, mikono bado kwenye usukani.

"Inaishiwa mapema," alisema. "Lakini kwenye kona ni ile ile."

Alipatana dola 14,400.

KWA WALIO NYUMBANI

Tunajua mtatuuliza kama gari la namna hii linaweza kuletwa huko. La kutoka Marekani, usukani kushoto, Kenya halipokelewi, na gari lolote lisizidi umri wa miaka 8. Njia ni Japani, ambako linaitwa Roadster na la paa la turubai lina injini ya lita 1.5 yenye farasi 131 hivi, na jepesi zaidi: lile la chini kabisa lilianza na kilo 990. Kenya ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 1,500, na hii ina cc 1,496. Tanzania injini za cc 1,000 hadi 2,000 ziko kundi moja. Linalobaki ni matuta, maana tumbo la gari hili halifiki sentimita 15 kutoka ardhini. Farasi wa nyongeza hawasaidii kuruka tuta.

Kwa anayechagua kati ya 155 na 181, ushauri wetu ni mfupi. Kama fedha zote ni zako, na la 2019 halijaliwa na chumvi, lichukue. Ni injini bora na hutajuta. Kama tofauti ni ya kukopa, angalia kwanza uvungu, kisha gia boksi, kisha mkataba. Farasi wawe wa nne.

Mpwa wetu hakutusemesha vizuri hadi Mei. Jumapili moja akaja na gari wazi, akatuita tupande. Tulizunguka Hilliard yote, mji huu wenye vipilefti ambavyo huku huzungukwa kinyume na vya nyumbani. Kwenye kimoja alizunguka mara mbili bila sababu. Tulipomrudishia ile karatasi ya mkopo, ambayo ilikuwa bado mezani kwetu, aliikunja akaitia kwenye kijidroo cha gari.

"Yule rafiki yako," aliuliza, "anaitwa nani?"

Tulimtajia jina. Lilikuwa halijatoka kinywani mwetu kwa miaka mingi. Akasema ikiwa namba yake ya simu bado ipo, tungeweza kumpigia sasa hivi, kule bado si usiku sana.