Fuata Mto Katuma, Usiishie kwa Viboko

Mgeni anayefika Mpanda akiwa na siku moja tu ya kutembea huambiwa jambo moja: nenda Sitalike ukaone viboko. Ushauri ni mzuri. Kijiji kiko umbali wa kilomita 35 hivi kusini mwa mji, barabara ya Sumbawanga inapita hapohapo, na ukisimama kwenye daraja la Katuma unawaona wamejazana majini kabla hata hujaingia Hifadhi ya Katavi. Lakini ukiishia darajani umeona wanyama, mto hukuuona. Na habari kubwa ya Katavi ni ya mto.

Katuma hukusanya maji yake kwenye vilima vya misitu vya nchi ya Mpanda, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ukishaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye eneo la kilomita za mraba 4,471, ardhi inalala tambarare na kasi ya maji inaisha. Mto uliokosa mteremko hauwezi kubeba tope lake. Hulitua, tope huziba njia, maji hutafuta njia nyingine, na masika yakikolea huvuka kingo na kutandaa juu ya mbuga ya Katisunga na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada. Rufiji hufanya hivyohivyo unapokaribia Bahari ya Hindi. Katuma hauna bahari ya kuendea: maji yanayotoka Chada huitwa Kavuu, nayo huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Okavango wa Botswana nao hutandaa barani na kuishia kwenye mchanga wa Kalahari, na delta yake iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Katuma ni mdogo sana kwake, ila kanuni ni moja.

Kutandaa huko si maji kupotea. Mbuga na maziwa yale ndiyo ghala la mto. Hupokea mvua ya Novemba hadi Aprili, kisha huyatoa maji polepole miezi ambayo anga halina wingu. Mei na Juni majani bado ni mabichi, mwari na korongo wanavua kwenye madimbwi, na mto unatembea. Kuanzia Agosti kila kitu husogea kwenye tone lililobaki. Nyati hutembea kwa makundi makubwa mno kutafuta maji, mamba huingia kwenye mapango ya kingo na kutulia humo wakisubiri mvua, kambare hujichimbia topeni. Viboko, ambao ngozi yao hukauka na kupasuka wakikosa maji, hubanana mamia kwenye dimbwi moja karibu na Ikuu, ndani ya hifadhi.

Picha za Septemba za viboko waliopandana mgongo kwa mgongo ndizo zinazoitangaza Katavi duniani. Mimi huzitazama kwa uchungu. Kiboko mmoja hula majani yapatayo kilo 40 usiku na kurudi kuyaachia majini mchana. Mto ukitiririka, mbolea hiyo husambaa na kulisha samaki. Mto ukisimama, kinyesi huoza palepale, hewa ndani ya maji huisha na samaki hufa, huku madume yakijeruhiana kwa kugombea nafasi. Msongamano ule si dalili kwamba viboko wameongezeka. Ni dalili kwamba maji yamepungua.

Kiangazi kimekuwepo siku zote, lakini kukauka kwa Katuma kumezidi katika miongo ya karibuni, na sababu kubwa ziko juu ya mto, nje ya hifadhi. Misitu ya vilimani imefyekwa kwa mashamba na mkaa. Banio limejengwa hapa, mfereji umechimbwa pale, maji yamegeuzwa kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Ruaha Mkuu ulipita njia hiyohiyo: ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, baada ya kilimo cha umwagiliaji kupanuka Usangu.

Sisemi mkulima ndiye adui. Mpunga unasomesha watoto, na mwenye jaruba ana haki ya kuishi kama alivyo nayo mwongoza watalii. Ila Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mpangilio: kwanza maji ya mahitaji ya binadamu, pili akiba ya kuuweka mto hai, ndipo matumizi mengine kwa kibali. Banio linaloziba mto wote mwezi Septemba limeruka nafasi ya pili.

Kwa hiyo, ukipanga safari, chagua Juni. Anza na kijiji chenyewe. Sitalike utakuta Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma, na kwa mama ntilie ugali na migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika. Waulize wazee mto ulikuwaje Oktoba walipokuwa vijana; kwa habari ya maji, wao ni maktaba. Kisha ingia hifadhini asubuhi mapema, na ujiandae kwa mbung'o, maana kwenye miombo hawana huruma. Karibu na Ziwa Katavi uliza habari za mkwaju ambao Wabende husema ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji wa zamani ambaye hifadhi na mkoa vimechukua jina lake. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini yake. Jamii iliyoweka utakatifu ukingoni mwa ziwa ilijua kinachoilisha.

Ukipata siku ya pili, pita na barabara hadi Kibaoni na Usevya, nchi ya Wapimbwe kusini mwa hifadhi, ambako mpunga ndio uchumi. Mwombe mkulima akupeleke shambani akuonyeshe mfereji unakoanzia, zamu za maji zinavyopangwa, na nani anafungua lango la banio kiangazi kikiwa kikali. Mwulize pia kama kuna maji yanayoachwa yaendelee na safari, na ni kiasi gani.