Goti Halichakai kwa Kutembea

Mtu akiambiwa magoti yake yamesagika, kwanza huyapumzisha. Ataacha ngazi, atapanda bodaboda hata kwa safari ya dakika tano, na nyumbani watamsifu kwa kujitunza. Wote wanaliona goti kama bushi ya gari, ambayo kila safari huila kidogo. Lakini bushi hailishwi kwa kuzungushwa, gegedu hulishwa. Tabaka hilo laini linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwenye ute wa maungo, nao huingia ndani ya gegedu na kutoka kila goti linapobanwa na kuachiliwa. Misuli ya paja nayo, ikikaa bure, hunyauka, na mzigo iliokuwa ikiupokea huliangukia goti lenyewe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 54, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza maumivu ya goti na kurahisisha shughuli. Nafuu hiyo si muujiza. Inakaribiana na ile ya vidonge vya maumivu, ila mazoezi hayachubui tumbo wala kuumiza figo, kama inavyoweza diklofenaki inayomezwa miezi nenda miezi rudi bila daktari kujua.

Mgonjwa atauliza: mbona nikitembea linauma? Maumivu si kipimo cha uharibifu. Wapo ambao picha zao za eksirei zinatisha na hawaumwi, na wapo wanaoteseka ilhali picha zao ni nzuri. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, punguza kipimo, usiache. Mkulima naye ana hoja nzito zaidi: nashinda na jembe, mazoezi ya nini tena? Ni kweli anatumia nguvu, ila kuinama kutwa na kuchuchumaa huchosha goti bila kuipa misuli ya paja nafasi ya kujijenga taratibu. Yeye apalilie kwa awamu, akae kigodani, na jioni asimame na kuketi kitini mara kadhaa bila kushika kitu.

Haya ni ya goti lililosagika. Mwenye viungo vilivyovimba na kupata joto, ambavyo asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, huenda ana baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Huyo mazoezi peke yake hayamtoshi. Anahitaji daktari na dawa kama methotreksati mapema, kabla vidole havijapinda.