Kadi ya mganga wa Kolwezi ina nguvu gani?

Kwenye meza za dawa za miti shamba sokoni Kolwezi, katikati ya magome yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli na chupa za plastiki zenye maji ya rangi ya chai, huenda ukaona kadi ya mganga: picha, bendera, namba, muhuri wa mviringo. Mteja anaitupia jicho, anaridhika, anatoa franka zake. Ni wachache wanaouliza muhuri ule ni wa nani.

Ukiusoma vizuri, unaweza kukuta ni wa chama. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inawaruhusu watu kuunda shirika lisilo la faida, asbl kama tunavyosema, na waganga wana haki hiyo sawasawa na wanakwaya. Ila karatasi za asbl hukipa chama uhai mbele ya sheria. Hazimpi mwanachama ruhusa ya kutibu mtu. Ruhusa hiyo ina njia yake: amri ya Waziri wa Afya ya tarehe 22 Oktoba 2002, inayopanga kazi ya mganga wa jadi katika nchi nzima. Karibu mwaka mmoja kabla yake, Desemba 2001, wizara hiyo hiyo ilianzisha programu ya taifa ya tiba ya jadi na mimea ya dawa. Kwa hiyo anayesema Kongo haina sheria ya waganga hajasoma. Sheria ipo. Tatizo ni kwamba iliazima wazo lake kuu kutoka kijijini, na sisi tunaishi mjini.

Turudi nyuma kidogo. Wabelgiji walipoandika dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 kuhusu kazi ya kutibu, waliikabidhi kazi hiyo kwa wenye diploma, kisha wakaacha mlango mdogo wazi: Mkongo aliyetibu kwa dawa za kwao, katika maeneo yaliyokuwa chini ya mamlaka ya kimila, hakuguswa, mradi asivunje sheria wala kuvuruga utulivu. Tazama mlango ulikowekwa: kwa chifu. Kolwezi haikuwa ya chifu kwa maana hiyo. Ni mji ulioanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba, wenye kambi za wafanyakazi waliotoka pande zote. Mganga wa kijijini, tuseme Sandoa, alikuwa na nafasi yake. Yule aliyemfuata kaka yake kambini alifanya kazi kwa kujificha.

Mwaka 1976, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliokutana Brazzaville walitoa maelezo yenye wazo hilo la kijijini, ambayo serikali nyingi za Afrika zimeyatumia tangu hapo. Kwao, mganga wa jadi ni mtu anayetambuliwa na jamii anamoishi kuwa ana uwezo wa kutibu. Ni maelezo mazuri, nami sina ugomvi nayo kule yanakofaa. Kijijini watu wanajua nani alimfundisha mganga, wanajua ni mtoto wa nani aliyepona mikononi mwake na ni wa nani aliyezikwa. Akikosea, jioni atakutana na baba wa marehemu njiani. Utambuzi huo ni leseni isiyo na karatasi, na ni kali kuliko karatasi.

Sasa peleka maelezo hayo Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao tangu mwaka 2014 watu wamechimba kobalti hadi chini ya sakafu za nyumba zao. Jamii ipi itamtambua mganga pale? Mchimbaji ametoka Kasai, jirani yake ni Mlunda, mwenye nyumba ni Msanga, na wote wamekuja kutafuta pesa. Mganga anaweza kufika Jumatatu na dawa ya mgongo, dawa ya nguvu za kiume na dawa ya bahati ya shimo, na mwisho wa mwezi akawafuata wachimbaji hadi Fungurume. Dawa ikimharibu mtu figo, nani atampata?

Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya leseni. Siitegemei ithibitishe kuwa mzizi fulani unaponya. Kikao cha kamati hakina uwezo huo. Nataka inieleze mtu huyu anaitwa nani, anaishi wapi, na nimpeleke kwa nani akiniumiza.

Watanzania wameliendea jambo hili kwa namna inayofaa kutazamwa. Sheria yao ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili mganga kivyake, kituo chake kivyake, na dawa yake kivyake. Maombi huanzia chini, kwa uongozi wa mtaa au kijiji na kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya, kabla ya kufika juu. Mfumo huo haukuzuia kila uovu. Mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya uganga yaliendelea, na Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini angalau palikuwa na daftari la kuonyesha nani yumo na nani hayumo.

Kwetu, marufuku inayokaribia ile ya wapiga ramli imewekwa na sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Kifungu cha 160 kinampa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu anayemsingizia mtoto uchawi. Hakibagui mganga na mchungaji, na hakuna kadi inayomkinga mtu nacho. Ningependa kibandikwe kwenye kila ofisi ya komini, Dilala na Manika.

Nani basi aanze kuandika daftari la waganga? Katiba ya 2006, katika vifungu vya 202 na 204, inaiachia Kinshasa kutunga sheria za kazi ya kutibu, na inayapa majimbo jukumu la kuzitekeleza na kusimamia utekelezaji wake. Lualaba, ambako Kolwezi ipo, imekuwa jimbo tangu 2015. Ina Divisheni ya Afya, ina zoni za afya zinazofika hadi mitaani. Kusubiri amri mpya kutoka Kinshasa ni uvivu uliovaa suti.

Tena kuna jambo ambalo Kinshasa haitalijua kwa niaba yetu: udongo. Ukanda huu una mimea, kama Haumaniastrum katangense, inayoota kwenye ardhi ya shaba ambayo mimea mingine haiwezi kuivumilia. Mzizi uliochimbwa kando ya mabaki ya kiwanda unaweza kubeba metali ndani yake. Kuuosha kunatoa vumbi la nje tu, na kuuchemsha kunaua vijidudu, lakini kobalti haiondoki kwa moto. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti walioufanya Kasulo: wakazi, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi kwenye mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa kulinganishia. Mwili wa namna hiyo hauhitaji kuongezewa kikombe kingine cha metali kwa jina la dawa. Mganga anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ameijua dawa kutoka kwa bibi yake, na bado akadhuru, kwa sababu bibi alichimba mahali pengine.

Waganga wengi hukwepa daftari kwa kuhofia kuibiwa siri. Hofu hiyo inachanganya milango miwili. Anayetaka kuuza dawa kwenye chupa yenye lebo, kama mfamasia Batangu Mpesa wa Luozi alivyofanya kwa Manalaria yake ya mimea dhidi ya malaria, lazima aseme kilichomo, na leo mlango huo unalindwa na ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Mwenye meza sokoni hayuko huko. Zoni ya afya haina haja na siri ya bibi yake. Imwulize jina lake, nyumba yake, aliyemfundisha, magonjwa anayoyashika na yale anayoyapeleka hospitali siku hiyo hiyo, na mahali anapochimba mizizi yake.