Becky Hammon, goti langu, na lile swali la "wewe ni wa wapi?"

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja jina la Becky Hammon mara moja tu, harakaharaka, tukaendelea na mengine. Baadaye baadhi yenu mkaniandikia: huyo ni nani, na mbona sauti yako ilibadilika? Haya, leo nimekaa nieleze vizuri, maana kwenye maikrofoni nilishindwa.

Hammon alizaliwa 1977 Rapid City, South Dakota. Kimo chake ni futi tano na inchi sita. Kwa mpira wa kikapu, huo ni ufupi, msibishe. Chuoni Colorado State alifunga vikapu mpaka akaweka rekodi ya pointi, lakini mwaka 1999, siku ambayo timu za WNBA zilichagua wachezaji wapya, jina lake halikuitwa. Hakuna timu hata moja iliyomtaka. New York Liberty wakampa nafasi ya kujaribiwa, naye akang'ang'ana, akabaki. Mwaka 2007 akahamia San Antonio, na kufikia hapo alikuwa mmoja wa walinzi bora kwenye ligi nzima.

Sasa ndio tufike pale panaponihusu.

Mwaka 2008 ilikuwa Olimpiki ya Beijing. Timu ya Marekani haikumwita kwenye orodha yake ya kwanza. Hammon alikuwa tayari na mkataba na CSKA ya Moscow, na Warusi wakamwambia: chukua uraia wetu, ucheze kwetu. Akakubali. Msichana wa South Dakota, akavaa jezi ya Urusi! Nyumbani watu waliwaka. Hata kocha wa timu ya Marekani, Anne Donovan, alisema hadharani kwamba kwake yeye huyo si mzalendo. Hammon aliendelea na safari yake. Marekani waliwafunga kwenye nusu fainali, lakini Urusi walirudi na medali ya shaba, na Hammon akaipata yake.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto. Hadithi hii niliijua nikiwa na miaka 18, wakati mjomba wangu alipopiga simu kutoka Mombasa akasema, "Mwanangu, njoo ujaribu timu ya Kenya. Wewe si damu yetu?" Nilicheka, nikasema nitafikiria. Ukweli ni kwamba niliogopa. Huku nilikozaliwa, Minnesota, watu huniuliza ninatoka wapi "hasa". Kule, nikifungua mdomo tu, binamu zangu wanacheka Kiswahili changu. Niliona wasichana wa kule wataniambia nimekuja kuchukua nafasi ya mtu kwa sababu huku sikutakiwa. Na sikuwa na jibu, kwa sababu kweli huku sikutakiwa sana.

Nilimuuliza mama. Alikuwa anakanda unga wa mahamri, hakuinua hata kichwa. "Pasipoti ni karatasi," akasema. "Uliza moyo." Moyo nao ukanyamaza. Sikwenda. Mwaka uliofuata, mwaka wangu wa pili chuoni, niliruka, nikatua vibaya, na goti likalia kama kijiti kikavu. Kano ya mbele ilikatika. Mama alikaa kando ya kitanda changu akasema, "Mungu amekupumzisha, sasa soma." Alisema kwa mapenzi, najua. Lakini nililia usiku kucha.

Hapo ndipo nilirudi kwa Hammon na kusoma upande wa pili wa maisha yake.

Julai 2013, akiwa na miaka 36, yeye pia alikatika kano ya goti. Angeweza kwenda nyumbani kujiuguza. Badala yake aliomba kukaa kwenye mazoezi na mikutano ya makocha wa Spurs, timu ya wanaume ya mjini humohumo San Antonio. Kocha wao, Gregg Popovich, alikuwa anamfahamu: mwaka 2012, wakirudi kutoka Olimpiki ya London, walikaa viti vya jirani kwenye ndege wakapiga soga. Hakuna aliyemlipa mwaka ule. Alikuwa anasikiliza, na akiulizwa anajibu. Wakaona kichwa chake kinavyofanya kazi. Tarehe 5 Agosti 2014 Spurs wakamwajiri: mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa kudumu, mwenye mshahara, NBA.

Tarehe 30 Desemba 2020, refa alimtoa Popovich nje kwenye mechi na Lakers. Akiwa anaondoka, mzee akamwonyesha Hammon kidole: wewe, shika. Walishindwa mechi hiyo, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuiongoza timu ya NBA kwenye mechi kabla ya usiku ule. Watu wakasema sasa atapewa timu yake. Hakupewa. Portland walimhoji mwaka 2021, kazi ikaenda kwa Chauncey Billups.

Basi akarudi kwa wanawake, Las Vegas Aces, na kule akachukua ubingwa mwaka wake wa kwanza, 2022, akarudia 2023. Mwaka 2025 ndio naupenda zaidi, ingawa unaniuma. Agosti 2 timu yetu ya Lynx iliwapiga 111 kwa 58, palepale kwao Vegas! Nyumbani tulipiga vigelegele. Baada ya siku hiyo Aces hawakufungwa tena mpaka msimu wa kawaida ukaisha, mechi 16 mfululizo, na wakachukua ubingwa wa tatu.

Sitaki mfikiri namfanya malaika. Mwaka 2023 ligi ilimsimamisha mechi mbili bila mshahara, baada ya mchezaji Dearica Hamby kulalamika jinsi alivyotendewa alipokuwa mjamzito. Hammon alikana. Mimi binafsi nilikaa na hilo muda mrefu, kwa sababu kocha ana nguvu juu ya mwili wa mtu, na mimi sasa ni kocha.

Ndio, ni kocha. Jumamosi asubuhi, mabinti wa miaka 12 na 13, wengi wazazi wao ni wa Mombasa, Bukavu, Bujumbura. Wananiita "kochi", na Kiswahili changu wanakicheka pia. Wiki iliyopita mmoja alikuja na goti limefungwa bendeji, akajificha pembeni karibu na mlango, yuko tayari kumwambia baba yake wasirudi tena. Nilikijua kile kiti. Nilikikalia mwaka mzima.

Nikamwita. Nikamkalisha karibu yangu, nikampa ubao na kalamu. "Usicheze," nikamwambia. "Niambie unaona nini."

Akanyamaza dakika mbili hivi. Halafu akanivuta mkono wa jezi: "Kochi, namba saba hageuki kushoto. Hata mara moja."

Alikuwa sahihi. Mimi sikuwa nimeliona.