Mipango ya Mashine na Picha za Ubongo Utendapo Kazi

Mtu azitazamapo zile picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya manjano, aghalabu hudhani kwamba ameonyeshwa fikra yenyewe, ilhali alichoonyeshwa ni tafauti ndogo mno za usumaku wa damu, ambazo kudhihiri au kufichika kwake hutegemea sana jinsi mashine ya sumaku ipigayo picha hizo ilivyopangwa kabla mtu hajalazwa ndani yake. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwapima panya huko Marekani, walibainisha kwamba himoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni yake huivuruga ishara ya maji yaliyo jirani nayo. Na kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya kupita haja yake, himoglobini ya namna hiyo hupungua mahali hapo na ishara ikapanda, walakini kwa asilimia chache tu.

Mpango unaostahili hadhari kubwa ni muda wa mwangwi, yaani kitambo ambacho mashine hungoja baada ya kuyasisimua maji ya mwilini kabla ya kuipokea ishara yake. Ukiwa mfupi mno, tafauti ya damu haipati wasaa wa kujitokeza. Ukiwa mrefu mno, ishara yote hufifia, ikasalia ghasia, yaani vurugu isiyobeba habari. Wengi wenye sumaku yenye nguvu ya tesla 3 huuweka karibu na milisekunde 30, na kwa sehemu kubwa ya ubongo hawakosei. Lakini juu ya macho na karibu na masikio, hewa iliyomo ndani ya mifupa huipotoa sumaku, ishara ikazimika mapema, hata picha ikaonyesha weusi mahali palipo na ubongo mzima. Huko juu ya macho ndiko hasa kunakohusika na kupima thamani ya vitu na kuchagua. Basi mtafiti atangazaye kuwa hakuona kitu huko, pasi na kutaja muda alioutumia wala unene wa vipande ambavyo ubongo ulipigwa picha kimoja kimoja, kwa rai yangu hajathibitisha lolote. Muda mfupi zaidi na vipande vyembamba huirejesha baadhi ya ishara hiyo.

Wembamba nao una gharama yake. Vokseli, yaani kijichemraba kimoja cha picha, yenye pande za milimita 3 ina ujazo wa milimita za ujazo 27, na ya milimita 2 ina 8 tu, hivyo ishara hushuka chini ya thuluthi. Katika vokseli kubwa ghasia inayotawala ni ya pumzi na mapigo ya moyo, nayo hukua pamoja na ishara, ndiyo maana sumaku yenye nguvu zaidi huleta faida haba. Katika ndogo hutawala ghasia ya joto, na hapo nguvu ya sumaku husaidia kweli.

Kadhalika kasi ina gharama. Watafiti wa mradi wa Human Connectome Project huko Marekani walipiga ubongo mzima kila sekunde 0.72, kwa kuchukua vipande 8 kwa mpigo, na kwa kuwa maji hayapati kutulia kikamilifu katika muda mfupi hivyo, iliwabidi waipunguze pembe ya msisimko, yaani kipimo cha jinsi maji hayo yanavyosisimuliwa, kutoka digrii 90 zilizozoeleka hadi 52.