Hewa Ipandayo na Hewa Ishukayo

Mvuvi wa Pangani akikuta maji ya rangi ya udongo mbali baharini, hahitaji kuambiwa yametoka wapi. Tope la mto ndilo shahidi wake.

Hewa nayo ina mashahidi. Katika nchi zetu za joto hewa hupanda juu sana, kisha husafiri kuelekea ncha za dunia, na huko hushuka wakati wa baridi. Mwendo wake huko juu kwetu haufikii milimita 1 kwa sekunde; kipima-upepo hakiwezi kuutambua. Basi, wataalamu huupimaje?

Hutazama gesi zilizo chache hewani. Moja ni naitrasi oksaidi, itokayo katika udongo na bahari. Chini ni nyingi. Juu sana mwanga wa jua huivunja, hata ikapungua. Vyombo vikionyesha kwamba juu ya ncha ya dunia, mahali ilipokuwa nyingi, sasa imekuwa kidogo, hujulikana kuwa hewa ya juu imeshuka. Wakilinganisha kimo na siku, wanapata mwendo.

Mwaka 1949 Mwingereza Alan Brewer alieleza kwamba hewa kavu ya juu ya Uingereza ilipanda kwanza katika nchi za joto, ambako unyevu wake uliganda.

Kwa njia hiyo gesi za majokofu ya zamani zilifika ncha ya kusini, zikaharibu ozoni itukingayo na jua. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1985. Basi fundi wa Tanga aachaye gesi hiyo itoke ovyo, asidhani imepotea.