Kuondoa Wanja bila Kuumiza Jicho

Kiangazi katika wilaya za Kasulu na Kibondo ni majira ya sherehe, na pia ni majira ya vumbi jekundu. Mwanamke aliyetiwa wanja na maskara tangu adhuhuri hurejea nyumbani usiku akiwa na mchanganyiko wa rangi, jasho na vumbi kandokando ya macho. Mara nyingi madhara hayatokani na wanja wenyewe, bali na namna anavyouondoa: hushika ncha ya kanga, akailowesha kwa maji ya ndoo au mate, akasugua.

Ngozi inayofunika jicho ni nyembamba kuliko ngozi yoyote nyingine ya mwili. Unene wake haufiki milimita moja. Ukingoni mwake, nyuma ya mstari wa kope, ipo safu ya vitundu vya tezi zitoazo mafuta, na mafuta hayo hutandaa juu ya machozi yasikauke upesi. Wanja unaosukumwa kwa kusugua huweza kuviziba. Jicho likakauka, likawasha, na mwenyewe akazidi kulisugua. Ikiwa pana chembe ya vumbi, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huchubuka, na mchubuko ni mlango wa vijidudu.

Dawa ya wanja ni subira. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Jicho likiwa limefumbwa, pamba safi iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu iwekwe juu yake kwa nusu dakika au zaidi, bila kukandamiza. Kisha ipitishwe taratibu kuelekea chini, kwa kufuata uelekeo wa kope. Jicho la pili lipate pamba yake. Wanja usiotoka kwa maji hulainishwa kwa mafuta ya mgando kidogo, yapakwe kwenye kope tu, yasiingie ndani. Mawese, ingawa ndiyo mafuta ya Kigoma, hayafai kwa kazi hii: huacha rangi, na yale ya kienyeji huweza kuwa na masalia ya chikichi. Kope za bandia zisivutwe. Gundi ilainishwe kwanza. Mafuta ya taa yasisogezwe kabisa karibu na jicho.

Kitambaa nacho kina hatari yake. Kanga moja inayofuta macho ya mama, dada na mtoto husafirisha vijidudu vya trakoma, ugonjwa ambao ukijirudia kwa miaka hukunja kope ndani mpaka zikaikwaruza konea. Virusi vya macho mekundu, ambavyo mlipuko wake ulishuhudiwa nchini mwanzoni mwa mwaka 2024, huenea kwa njia hiyohiyo. Kijiti cha wanja kinachozunguka saluni nzima hakina tofauti na kanga hiyo. Maskara iliyotumika wakati jicho lina maambukizi itupwe, hata kama ilinunuliwa juzi.

Kwa watoto wachanga, shauri ni fupi: wasitiwe wanja. Wazazi huupaka kwa kumkinga mtoto na kijicho, na nia yao yaeleweka. Hata hivyo, baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi. Mtoto hujifuta kwa mkono, kisha mkono huingia kinywani. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa mwenye wanja na jicho jekundu amsafishe kwa utaratibu huohuo kabla ya kumchunguza, kwani wanja huficha usaha na kope zilizokunjika. Ikiwa kuna maumivu makali, kuogopa mwanga, ukungu wa kuona au doa jeupe kwenye konea, apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye huduma za macho. Matone yenye steroidi asipewe kabla ya uchunguzi huo, maana huweza kutuliza wekundu huku kidonda kikiendelea kuila konea. Gundi au kemikali ikiwa imeingia, jicho lisafishwe papo hapo kwa maji safi mengi, mfululizo, kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo safari ianze.